Jina Ambalo Mume Wangu Hakulitaka

Binti yangu alikaa karibu wiki sita bila jina. Hospitalini walimfunga utepe mguuni ulioandikwa jina la ukoo na neno "mtoto", na nyumbani tukawa tunamwita Huyo. Huyo amelala. Huyo ametapika. Shika Huyo nikaepue sufuria. Sheria ya Uingereza inakupa siku arobaini na mbili za kumwandikisha mtoto, na mimi nilizikata moja moja kwenye kalenda ya jikoni kwa kalamu nyekundu. Sikumbuki hata siku moja kati ya hizo ambayo sikuwa na hasira.

Wacha niseme hasira ilitoka wapi, maana sikuwa kichaa, ingawa muuguzi aliyekuja nyumbani kumpima mtoto aliniuliza mara mbili kama ninapata usingizi.

Kwetu jina la mtoto halichaguliwi. Mimi ni Mkikuyu wa Nakuru. Binti wa kwanza hupewa jina la mamake baba, binti wa pili hupewa jina la mamake mama, na habari inaishia hapo. Hakuna kikao wala kitabu cha majina. Mtoto anazaliwa akiwa tayari ni mtu fulani. Mimi ni binti wa pili, nina jina la nyanya yangu, na hadi leo mama yangu mzazi huniita mama. Hata akinigombeza, hunigombeza kwa adabu kidogo.

Mume wangu ni Mwingereza wa hapa Birmingham, fundi wa boila, mtu mpole anayeongea kama maneno yana mgao. Tulikuwa tunakaa Erdington, nyuma ya barabara ya maduka, nyumba ya kupanga ambayo treni ikipita vikombe vinaitikia. Mamake aliondoka yeye akiwa na miaka mitatu. Hakufa, aliondoka. Asubuhi moja alimwacha kwa jirani pamoja na begi la nguo, na hakurudi kumchukua. Babake ndiye aliyemlea, naye alikuwa ameshakufa kabla sisi hatujakutana. Jina la huyo mama limeandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa cha mume wangu. Ni jina la kawaida kabisa, hata kwetu lipo, kwa sababu wamisionari walituletea majina haya kwa magunia. Lakini nilipomwambia wodini kwamba mtoto ana jina tayari, nikalitaja, aliweka chini kikombe cha chai.

"Jina lolote, bab," alisema. Ndivyo wanaume wa huku wanavyowaita wake zao, na watoto, na mwanamke anayewauzia samaki. "Jina lolote duniani isipokuwa hilo."

Niliporudi nyumbani nikampigia mama simu kwa kadi ile ya kukwaruza. Anaongea Kikuyu kikali. Hapa namwandika kwa Kiswahili, na bado atakuwa mkali.

"Mama," aliniambia, "mgeni wetu anaitwaje?"

"Bado."

"Bado nini? Mume wako hana mama?"

"Alimwacha akiwa mdogo."

"Nimekuuliza kama ana mama. Sijakuuliza kama ni mzuri."

"Hataki jina lake litajwe."

"Kwani jina ni zawadi ya tabia? Mamangu alikunywa pombe mpaka akauza mbuzi wa mahari ya dada yangu, na nikakupa jina lake. Wewe unakunywa?"

"Hapana."

"Basi."

Nikakaa pale na simu mkononi, katikati ya watu wawili ambao kila mmoja alikuwa na haki yake, na mtoto akivuta ziwa kama analipwa. Mwanamke aliyemwacha mtoto wa miaka mitatu sikuwa na huruma naye. Nilimtazama wangu wa siku tisa nikajiuliza ningeanzia wapi, ningefunga begi gani. Nilimchukia kwa niaba ya mume wangu, na kwa niaba yangu pia, kwa kuniharibia jambo ambalo kwetu ni rahisi kama kufungua mlango.

Nilimuuliza mume wangu kuhusu mama wa babake, nyanya yake. Jina lake, kumbe, ndilo jina langu mimi la ubatizo. Mtoto kuitwa kwa jina la mama anayemnyonyesha, hilo hata yeye alikubali ni vurugu.

Kisheria ningeweza kwenda peke yangu. Tulikuwa tumeoana kwa cheti, na mzazi mmoja akifika ofisini inatosha. Ningepanda basi asubuhi akiwa kazini, nikaandikisha jina la mamake, na jioni angekuta limeshaandikwa. Niliifikiria safari hiyo kila siku. Kilichonizuia ni kumuwazia akiishi nyumba moja na mtoto ambaye hawezi kumwita.

Tukaafikiana hivi. Nitafute katika ukoo wake mama mwingine, hata wa zamani, mradi awe mama aliyekaa na mwanawe. Nikimpata, jina litakuwa la huyo, na kwa mama yangu nitajua la kusema. Alikubali haraka, nadhani akitarajia nitachoka.

Nilianza na karatasi mbili alizoacha babake: cheti chake cha kuzaliwa na cha babu, na hicho cha babu kilikuwa na anwani ya Hockley, mtaa wa hapa hapa Birmingham. Nikamfunga mtoto kifuani kwa leso, nikapanda treni mpaka mjini, nikapanda ngazi za maktaba hadi ghorofa wanakoweka mambo ya zamani. Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne tu. Nilidhani nitaulizwa barua ya chuo. Hakuna aliyeniuliza kitu. Waliokuwepo ni wazee waliostaafu, kila mmoja na chupa yake ya chai mfukoni, wakizungusha filamu kwenye mashine zenye kioo kama televisheni ya zamani. Kwenye kile kioo ndimo walimo wafu wote wa Birmingham, nyumba kwa nyumba, mtaa kwa mtaa.

Sensa ya Waingereza hufanyika kila baada ya miaka kumi. Karani alikuwa akipita mlangoni na kuandika nani amelala humo usiku ule: jina, uhusiano wake na mwenye nyumba, ameolewa au la, umri, kazi, amezaliwa wapi. Mwandiko mwingine mzuri, mwingine kama kuku amepita. Nilijifunza kuusoma huku nikipapasa mgongo wa mtoto ili asiamke.

Nilimpata babu kwenye sensa ya 1901, mtoto wa mwaka mmoja, Hockley, nyumbani kwa shangazi, mama hayupo. Nikampata babake babu kwenye ile ya 1881, mvulana wa miaka saba, Hockley hiyo hiyo, ndani ya ua mmoja wenye nyumba nyingi zilizogeuziana migongo. Mwenye nyumba, yaani babu wa babu, alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mtengenezaji wa vifungo vya nguo. Chini yake mkewe wa miaka kumi na tisa, mdogo mno kuwa mama wa watoto hao, chini ya mkewe binti wa kwanza, miaka tisa.

Hapo nilisimamisha mashine. Binti wa kwanza ana jina. Kwa hiyo mama wa huyu mtengenezaji vifungo ana jina hilo hilo. Sikuliona kama wazo, niliona kama limeandikwa pale. Karani alikuwa ameandika tu kwamba amezaliwa kaunti ya jirani, Worcestershire, bila kutaja kijiji. Nikaruka moja kwa moja hadi sensa ya 1851, nikatafuta kwenye kompyuta mvulana wa mwaka mmoja mwenye jina lake, katika kaunti hiyo, mwenye mama wa jina nililolitaka.

Alikuwepo mmoja tu. Kijijini, baba mfua misumari, watoto watano, nyanya mzee kwenye kona ya jiko, wote chini ya paa moja. Mama yupo. Hajaenda popote. Nilitoa nakala mbili nikarudi nyumbani nikitembea kama niliyeshinda kesi.

Mume wangu alilisema lile jina mezani, mara moja, mara mbili, akitafuna viazi. "Si baya," alisema. Mtu wa Birmingham akikuambia si baya, mshukuru Mungu. Siku tisa tulimwita mtoto hivyo. Tulimwimbia kwa jina hilo wakati wa kuoga. Hata mama, nilipomwambia kwenye simu, alisema, "Umeruka watu wengi, lakini angalau ni mtu."

Ningeenda kumwandikisha wiki ile ile. Lakini nilitaka kwanza kuona daftari lenyewe la ubatizo, wino wenyewe, kabla sijamwekea mtoto jina la maisha. Daftari lilikuwa katika ofisi ya kumbukumbu ya kaunti ile, mwendo wa treni. Mlangoni kijana mmoja akanieleza masharti: mikoba kwenye kabati, penseli tu, hakuna chakula wala kinywaji chumbani. Akamtazama mtoto.

"Chakula chake kimo ndani yangu," nilimwambia. "Kama nacho kinaingia kabatini nionyeshe namna."

Aliona haya akanipisha. Akaniletea mama mmoja mzee anayejitolea pale, mwenye nywele nyeupe na miwani ya kamba, ambaye alikuwa wa Birmingham na akaniita bab kabla sijakaa. Alinionyesha jinsi ya kufungua kurasa. Tukampata mvulana, amebatizwa, baba mfua misumari, mama na jina lake. Nilitaka kulia kwa raha.

"Sasa tuangalie maziko," alisema.

"Ya nini?"

"Huangaliwa kila mara, bab."

Hakutafuta sana. Kurasa chache za mbele alikuwepo, jina lile lile, kijiji kile kile, amezikwa akiwa na miaka miwili. Mtoto aliyezikwa na miaka miwili hawezi kukua akatengeneza vifungo Hockley. Nilisoma mstari ule mara tatu, na mtoto wangu akaamka akaanza kutafuta ziwa, nikampa palepale, masharti yao waniwie radhi.

Yule mama mzee alisubiri. Kisha akauliza, "Ulijuaje mama wa mtu wako anaitwa hivi?"

"Binti yake wa kwanza anaitwa hivyo."

"Na?"

"Na binti wa kwanza huitwa jina la mama wa mume."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Ndivyo ilivyo."

Alivua miwani yake. "Ndivyo ilivyo wapi?"

Nilimhamishia mtoto ziwa la pili.

"Mimi," alisema, "nina jina la farasi aliyeshinda mbio wiki niliyozaliwa. Dada yangu ana jina la mwanamke aliyekuwa akimwazima mama baiskeli." Akacheka, nami nikacheka, ingawa hasira ilikuwepo. "Sensa ya 1871 inasemaje?"

"Niliiruka."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na uhakika."

"Huku hakuna kuruka, bab. Kumi, kumi, kumi. Kama kushuka ngazi umebeba trei."

Kwenye treni ya kurudi nilijitukana kwa lugha tatu. Nilikuwa nimechukua mila ya nyanya zangu nikawavisha watu wa Hockley bila kuwauliza. Mume wangu alipofika kutoka kazini nilimwambia kabla hajavua viatu.

"Si yeye. Yule alikufa na miaka miwili."

Alisimama na kiatu kimoja. "Kwa hiyo tumekuwa tukimwita jina la mama wa mtu mwingine."

"Siku tisa."

Alimtazama mtoto kwenye kochi. "Hatasema," alisema. Basi akarudi kuwa Huyo.

Siku zilizobaki zilikuwa kumi na tatu. Kesho yake nilirudi maktaba nikafungua 1871 kama nilivyoambiwa, na haikunichukua hata saa moja. Ua ule ule wa Hockley. Mwenye nyumba, miaka ishirini na mmoja, mtengenezaji wa vifungo. Chini yake mtu mmoja tu: mama, miaka arobaini, mfua nguo. Kwenye safu ya ndoa karani ameandika kwamba hajaolewa.

Nililiangalia jambo hilo mpaka nikalielewa. Hakukuwa na baba. Jina la ukoo ambalo mume wangu ameliandika kwa herufi kubwa kwenye gari lake la kazi ni la mwanamke, binti aliyezaa bila mume na kumpa mtoto jina lake mwenyewe kwa kuwa hakuwa na lingine. Na huyu hapa, miaka ishirini baadaye, anaishi na mwanawe. Nilimwona kabisa, mikono imevimba kwa maji ya sabuni. Nikasema nimempata.

Jioni nilimwekea mume wangu ile nakala mezani. "Huyu hapa. Hakuolewa, na hakumwacha."

Aliisoma polepole. Fundi ni fundi. "Na 1861?" aliuliza.

"Kesho."

Kesho ilifika, na afadhali isingefika. Mwaka 1861 mvulana ana miaka kumi na mmoja, yuko Hockley, nyumbani kwa mtengenezaji vifungo mwenye watoto saba wa kwake, naye ameandikwa mwisho, mpangaji, kazi yake kutoboa vifungo. Mama hayupo. Nilimtafuta mama, nikamkuta Moseley, upande wa pili wa mji, katika nyumba kubwa ya mfanyabiashara, mtumishi wa jikoni pamoja na watumishi wengine wanne. Nikashuka kumi nyingine. Mwaka 1851 wako pamoja, yeye na mtoto wa mwaka mmoja, katika nyumba ya maskini ya parokia huko Worcestershire, mahali walipopelekwa watu ambao hawakuwa na pa kulala.

Nilipiga meza kwa kiganja. Mzee wa mashine ya jirani akageuka na chupa yake ya chai.

"Habari mbaya?"

"Alimwacha mtoto wake kwa watu akaenda kuosha vyombo vya matajiri."

Aliinama akasoma kioo changu. "Hawakuwa wakimwajiri mtumishi mwenye mtoto," alisema. "Kwenye ukoo wangu niliwapata watatu wa namna hiyo." Akarudi kwenye filamu yake kama aliyenitajia hali ya hewa.

Sikutaka kuelezwa. Nilikuwa nimechoka kuelezwa. Nilitaka mwanamke mmoja katika ukoo huo wote ambaye alikaa, na kila niliyemshika alikuwa na ukurasa wake wa kuondoka. Siku tatu sikumwambia mume wangu kitu. Nilisema mashine zimeharibika. Nilipika, nikafua, nikabamiza milango ya kabati. Mama alipiga simu mwenyewe, jambo ambalo hafanyi, akauliza siku ngapi zimebaki. Nikasema saba. Akasema, "Mtoto hawezi kukaa bila mtu. Amekuja kwenu, mpokeeni."

Jumamosi mume wangu alifungua droo kutafuta kisu akakuta zile nakala nilizozificha chini ya vitambaa. Hakuuliza kwa nini ziko huko. Alizipanga mezani kwa miaka, 1851, 1861, 1871, akakaa. Alikaa sana kwenye ile ya katikati. Kidole chake kilikuwa kwenye mstari wa mwisho wa nyumba ile ya watoto saba.

"Ni umbali gani?" aliuliza.

"Wapi na wapi?"

"Moseley mpaka hapa alipokuwa."

"Sijui. Maili nne?"

"Walipewa nusu siku Jumapili, watumishi. Babangu alikuwa akisema."

Basi Jumapili tulipanda basi hadi Moseley, tukaanza kutembea. Ilikuwa fikra yake, na mimi nilikwenda kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza anafanya kitu badala ya kukataa kitu. Barabara ya ile nyumba bado ipo, majumba makubwa ya matofali mekundu, sasa yamekatwakatwa vyumba vya kupanga, baiskeli zimefungwa kwenye vyuma. Hatukujua nyumba ni ipi. Tulisimama mbele ya moja tu, akatazama saa yake, tukaondoka, yeye akisukuma kigari cha mtoto.

Tuliteremka kuelekea mjini. Mvua ilikuja ikaacha. Katikati ya mji nilikaa kwenye benchi nikanyonyesha, na alisimama pembeni akitazama saa tena, si kwa kuniharakisha, alikuwa akihesabu. Kisha tukapita mtaa wa masonara, maduka yote yamefunga, tukaingia Hockley. Ua wenyewe haupo. Pana karakana ndogo ya kupaka vyuma rangi, lango la waya, na ngazi imelazwa ukutani.

"Mwendo wa saa moja na nusu," alisema. "Ukitoa benchi."

"Alikuwa hana kigari."

"Kuja na kurudi, saa tatu. Nusu siku inatosha."

"Kwa hiyo unadhani alikuwa akija."

"Sijui. Haikuandikwa." Alishika waya wa lango. "Angeweza kuwa akija kila Jumapili, miaka kumi, na isiandikwe. Au hakuja hata mara moja."

"Lakini mwishoni waliishi pamoja."

"Ndiyo. Alimfungulia mlango." Hakusema ni nani alimfungulia nani, nami sikuuliza.

Mtoto aliguna. Mume wangu aliinama akamfunika vizuri, na akiwa bado ameinama, uso siuoni, akasema, "Huyu wa zamani simjui kabisa, na nimetembea maili nne nikimtafutia sababu. Mamangu sijamtafutia hata moja."

Nikashika kigari, tukaanza kuondoka.

"Sisemi nimemsamehe," alisema.

"Hakuna aliyekuambia usamehe."

"Mama yako anasemaje? Lazima mtu awe mzuri?"

"Anasema jina si zawadi."

Tukafika kituo cha basi. "Basi mpe," alisema.

Nakiri kwamba hapo ni mimi niliyesita. Wiki tano nilikuwa nimempigania mamake apewe haki yake kwenye cheti, na wiki hizo hizo nilikuwa nikimchukia kwa moyo wangu wote. Nilikuwa nikitaka jina bila mwenye jina. Sasa mume wangu alikuwa amenipa vyote viwili, na nilikaa ghorofa ya juu ya basi nikiangalia paa za karakana, nikijaribu kulitamka kimya kimya huku nikimtazama mtoto.

Tulikwenda ofisini siku ya arobaini na moja. Msajili alikuwa mwanamke mwenye kucha ndefu zilizopakwa rangi, akichapa kwa ncha za vidole. Aliuliza jina la mtoto, na mume wangu ndiye aliyelisema.

"La kifamilia?" aliuliza, kama wanavyouliza ili kujaza kimya.

"Ndiyo," alisema.

Jioni nilimpigia mama. Alilirudia jina lile kwa matamshi ya kwetu, likawa kama limevaa nguo nyingine. Kisha akaniambia niwe na heshima sasa, maana nambadilisha nepi mama mkwe. Akacheka mpaka kadi ikaisha.

Siku za kwanza lilinikwama. Nilikuwa nikiliita nikiona koti na begi na mlango wa jirani. Lakini mtoto haitwi mara moja kwa siku. Anaitwa akilia, akicheka, akijinyea, akiwa ameshika nywele zako na hataki kuachia. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa nimelisema jina la mwanamke yule mara nyingi kuliko mtu yeyote katika ukoo huo kwa miaka thelathini, na katika mara hizo zote, chache tu nililisema kwa ubaya. Hasira haikuisha. Ilikosa mahali pa kukaa.

Mwezi huo huo tulimpeleka kwenye chanjo, na mume wangu aliomba ruhusa kazini akaja. Chumba cha kusubiri kilikuwa kimejaa, kina mama wa kila nchi, watoto wakilia kwa zamu. Alikuwa amempakata, mtoto akimtafuna kidole gumba. Muuguzi alifungua mlango wa ndani akaita jina, lile jina, kwa sauti kubwa.

Mume wangu hakumtazama mtoto. Aligeuka nyuma, kwenye mlango wa nje tuliokuwa tumeingilia, akautazama.

Muuguzi akaita tena.

"Yupo hapa," alisema, akasimama naye.